Amana Yenye Uhai

Katika vijiji vya Uingereza, kama vile vya Devon au Cotswolds, kuna desturi inayoweza kutushangaza. Wenye nyumba wanaposafiri, humwachia mtu waliyekutana naye kwa njia ya tovuti funguo za nyumba, bustani, paka, mbwa na pengine kuku. Mara nyingi mgeni huyo halipi kodi wala halipwi mshahara. Analala bure, naye anawalisha wanyama, anamtembeza mbwa katika njia za mashambani, na jioni anawafungia kuku bandani mbweha asije akawala. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hupewa jembe siku ya kwanza.

Swali langu ni hili: mwangalizi huyo anawajibika kwa nani, kwa mwenye nyumba au kwa mnyama?

Wengi watajibu upesi kwamba ni kwa mwenye nyumba, maana ndiye waliyepatana. Mwanafalsafa Immanuel Kant yuko karibu na jibu hilo. Kwake, wajibu wetu kwa wanyama si wa moja kwa moja: anayemtesa mbwa anauzoesha moyo wake ukatili, na mwishowe watakaoumia ni watu. Jeremy Bentham, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1789, alishika njia nyingine. Alitazama uwezo wa mnyama wa kuumia, si akili yake wala usemi wake.

Tuchukue mfano. Mwenye nyumba yuko ndani ya ndege. Ameagiza mbwa wake mzee asipelekwe kwa daktari bila ruhusa yake, kwa sababu ya gharama. Usiku tumbo la mbwa linavimba, anajaribu kutapika, analia. Mwangalizi akikaa kimya, ametimiza mapatano. Je, ametenda haki?

Mimi nasema hapana. Sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006, inayotumika England na Wales, inamhesabu hata aliyeachiwa mnyama kwa muda kuwa mwenye wajibu wa kumkinga na maumivu na maradhi. Lakini hoja yangu haitegemei sheria. Inategemea neno letu amana. Fedha nilizowekewa hazinidai kitu zenyewe. Anayenidai ni mwenyewe. Mtoto niliyeachiwa akishikwa na homa kali, hakuna jirani atakayekubali nijitetee kwamba mama yake hakuniruhusu kwenda zahanati. Amana yenye uhai ina dai lake yenyewe.

Mtu anaweza kunipinga: mbwa si mtoto, na nani atalipa? Ni pingamizi la haki. Sisemi kwamba wana thamani sawa. Nasema tu kwamba maumivu yanadai hatua ya kwanza: kumpigia daktari simu, kumtafuta mwenye nyumba, kutuliza maumivu. Uamuzi mkubwa, kama upasuaji, ubaki kwa mwenye mnyama maadamu anaweza kupatikana.

Kwa hiyo nadhani mapatano mema hufanywa kabla ya safari: nani ataamua, kwa fedha za nani, na mpaka wapi. Nasi tunaochungiana mbuzi na ng'ombe vijijini kwetu tungefaa kuulizana hayo kabla ya kamba kubadili mikono.