Kukubali na Kuridhia

Katika kufundisha visawe, sisi walimu wa Kiswahili tuna haraka mno. Huandika ubaoni kukubali, kuridhia, kuafiki na kuitikia, kisha huwaambia wanafunzi kwamba maneno yote hayo ni mamoja, nao hunakili. Mimi nimefanya hivyo kwa miaka mingi bila ya kuona haya. Kilichonirudisha darasani ni kompyuta moja kuukuu, katika shule moja ya sekondari huko Petta, Wilaya ya Tororo. Kompyuta hiyo ndiyo iliyonifanya nijiulize kama mtu aliyekubali jambo ameliridhia pia. Na ikiwa hakuliridhia, mzigo wa madhara yake ni wa nani?

Kisa chenyewe ni kifupi. Mwishoni mwa muhula wa pili wa mwaka 2024, mwalimu mmoja kijana, ambaye jina lake sitalitaja, alikuwa akiingiza alama za wanafunzi wa kidato cha nne. Wasomaji walio nje ya Uganda yafaa waelezwe kwamba mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, huzihesabu kazi za darasani katika matokeo ya mwisho: asilimia 20 hutoka shuleni, na asilimia 80 hutoka katika mtihani wa Baraza la Taifa la Mitihani. Wanafunzi wa mwaka ule ndio waliokuwa wa kwanza kufanya mtihani wa kidato cha nne kwa utaratibu huo. Kwa hiyo alama zile hazikuwa pambo la faili. Zilikuwa sehemu ya tano ya majaliwa ya watoto wa watu, nazo zilikuwa zimewekwa mahali pamoja tu.

Intaneti aliyoitumia ilikuwa ya simu yake mwenyewe, kwa bando alilolinunua kwa fedha yake. Pembeni mwa kioo pakatokea maneno ya Kiingereza kusema kwamba toleo jipya la mfumo endeshi lilikuwa tayari, na kwamba mashine ingehitaji kuzimwa na kuwashwa tena. Vilikuwapo vitufe viwili: kimoja cha kufanya hivyo sasa hivi, na kingine cha kukumbushwa baadaye. Kitufe cha kukataa hakikuwapo. Kwa siku tatu mfululizo binti yule alikuwa amebonyeza cha kukumbushwa baadaye. Siku ya nne akabonyeza kile cha kwanza, akaenda kula chakula cha mchana. Aliporudi alikuta kioo kizima ni buluu, na maandishi meupe juu yake. Mashine ikajizima, ikajiwasha, ikarudi kwenye buluu ileile, na ikaendelea hivyo hata jioni.

Mwalimu Mkuu alipopewa habari, aliuliza swali moja tu: "Nani alibonyeza?"

"Ni mimi, mzee," akajibu binti. Kwa jibu hilo shauri likaonekana limekwisha. Kamati ikapendekeza akatwe mshahara kulipia matengenezo, na kama alama zisingepatikana, aandike barua ya kujieleza. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ile, nami sikusema neno. Watu husema kwamba kunyamaza ni kukubali. Basi siku ile nami nilikubali, na wala sikuridhia.

Hebu tuyatazame maneno yenyewe. Kukubali ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na katika asili yake limebeba maana ya kupokea: kitu kimenyoshwa kwako, nawe umekitwaa. Ridhaa nayo imetoka hukohuko, lakini mzizi wake ni wa kutosheka, wa moyo kutulia. Yumkini kabisa mkono upokee na moyo usitulie. Watu wa pwani walilijua jambo hili zamani. Katika ndoa zao bwana arusi hutamka mbele ya mashahidi kwamba amekubali kuoa. Lakini kabla ya hapo bibi arusi huwa ameendewa, akaulizwa kama ameridhia. Sisi wa bara tunao mfano ulio karibu zaidi, ingawa hauna furaha: mzee asiyejua kusoma ametiwa wino kwenye kidole gumba, akakikandamiza kwenye karatasi ya kuuza shamba, na karatasi hiyo amesomewa na mtoto wa mnunuzi. Alama ya gumba ni yake, hakuna anayebisha. Lakini aliyewahi kukaa katika baraza la wazee wa kijiji ajua kwamba alama ya gumba huwa ni mwanzo wa kesi wala si mwisho wake.

Kubonyeza kitufe ni alama ya gumba ya zama zetu. Kidole ni kilekile, isipokuwa hakuna wino wala shahidi. Tena hakuna mtu upande wa pili wa meza. Yule mzee wa shamba angaliweza kuuliza, "Na mti wangu wa mwembe je?" Binti yetu angalimwuliza nani?

Lakini tusimwonee mtengenezaji. Mwenye kukataa kila jambo jipya naye hujitafutia msiba. Mwezi wa Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa rekebisho la kuziba ufa mmoja katika mfumo wake wa Windows. Tarehe 12 Mei ya mwaka uleule kirusi kilichoitwa WannaCry kikapenya katika ufa huo, kikafunga kazi za watu katika mashine zaidi ya 200,000 kwenye nchi zipatazo 150, hospitali za Uingereza zikiwamo. Mashine zilizoumia zilikuwa hazijapokea rekebisho lile. Basi yule anayebonyeza "baadaye" kila siku hana usalama wowote. Yuko kama mtu aliyeacha mlango wazi kwa sababu haipendi kelele ya bawaba.

Ndiyo maana ridhaa katika jambo hili ni ngumu kuliko ilivyo katika shamba. Kuuza shamba waweza kukataa, ukabaki na shamba lako. Hapa kukataa ni hatari, kukubali ni hatari, na mwenye kujua ukubwa wa kila hatari hayupo chumbani. Mwezi wa Oktoba 2018 Microsoft hiyohiyo ilitoa toleo jipya la Windows 10, na baada ya siku chache ikalisimamisha, kwa kuwa watu wengine walikuta faili zao zimefutika. Kampuni ilisema waliotoa taarifa ya kupoteza faili walikuwa mmoja katika kila watu 10,000. Hesabu hiyo naisadiki. Lakini huyo mmoja hakupoteza sehemu moja katika elfu kumi ya picha za marehemu mama yake, alizipoteza zote. La kusikitisha zaidi ni kwamba wapo watu waliolijaribu toleo hilo mapema, wakaandika malalamiko kwamba faili zimepotea, na malalamiko yao hayakutiliwa maanani hata toleo likasambazwa. Kulalamika waliruhusiwa, aliyekosekana ni wa kuwasikia.

Na wiki chache tu kabla ya kisa chetu cha Petta, tarehe 19 Julai 2024, dunia nzima ilipata somo lililo kubwa zaidi. Safari hiyo haukuwa mfumo endeshi, ilikuwa programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike, iliyotumiwa sasisho lenye kasoro. Kwa makadirio ya Microsoft, mashine milioni 8.5 zilianguka. Ndege hazikuruka, na hospitali ziliahirisha matibabu. Sasisho lile liliondolewa baada ya dakika 78, lakini mashine zilizokwisha kuanguka hazikuweza kuponywa kwa mbali. Nyingi zilihitaji mtu aende akae mbele ya kila moja, aiwashe kwa namna maalumu na kulifuta faili lenye kasoro. Huko swali la Mwalimu Mkuu wetu lingekosa jibu kabisa. Wenye mashine hawakuulizwa, wala hakuna miongoni mwao aliyebonyeza.

Nilitumwa mimi kuipeleka kompyuta kwa fundi. Kutoka Petta nilipanda bodaboda mpaka Tororo mjini, na kutoka hapo nikapata gari la Busia. Niliichagua Busia kwa sababu ya fundi mmoja niliyesifiwa, na pia, nakiri, kwa sababu katika mji ule wa mpakani mwalimu wa Kiswahili hustarehe. Msamia, Mteso, Mjapadhola na Mluhya wakikutana sokoni, hawana haja ya kuhimizwa na serikali kukitumia Kiswahili. Fundi alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, na duka lake lilikuwa baraza lenye meza moja iliyojaa simu zilizofunguliwa matumbo.

"Karibu, mwalimu. Keti," akasema. Akaiwasha, akaitazama buluu yetu, akaizima. "Mfumo umekufa, lakini kufa kwa mfumo si kufa kwa kazi zenu. Mlango ndio ulioanguka. Vyombo huenda vimo ndani."

Kisha akanieleza. Angeweza kuweka mfumo mpya saa ileile, na mashine ingewaka kabla ya saa kumi. Lakini kwa kufanya hivyo angeweza kuzifuta kazi zetu. Au angeweza kuitoa diski kwanza, aiunganishe na mashine yake mwenyewe, na kuyatafuta mafaili. Kazi hiyo ingechukua hata kesho, na gharama ingezidi. "Tena diski hii ni ya zamani, mwalimu. Inaweza kufia mkononi mwangu. Nifanye lipi?"

Akaiweka bisibisi mezani, akangoja. Mteja mmoja akaja kuulizia simu yake, akaombwa asubiri. Nikauliza maswali matatu, akayajibu yote. La tatu alijibu kwamba halijui. Nikachagua diski itolewe. Akaniuliza mara ya pili, "Una hakika?" Nikasema ninayo. Akaandika katika daftari lake jina langu, nambari ya simu na hali ya mashine ilivyokuja, nami nikatia sahihi.

Nilipokuwa natia sahihi ile ndipo nilipolielewa neno ambalo nimelifundisha maisha yangu yote. Kama diski ingekufa siku ile, ningesikitika, lakini nisingesema nimeonewa. Hatari ilikuwa ileile, pengine kubwa kuliko ile ya kitufe cha Petta. Kilichotofautiana ni kwamba nilielezwa kwa lugha niitumiayo, nikapewa njia mbili za kweli, na aliyenieleza alikuwa na uso, kiasi kwamba kama angenidanganya ningejua pa kumrudia.

Kisha akauliza jambo jingine. "Mfumo huu mliununua, mwalimu, au mliwekewa?" Nikatazama barabarani, malori yakisubiri kuvuka mpaka. Tuliwekewa. Aliyetuuzia mashine aliuweka bure, nasi hatukuuliza umetoka wapi. Kwa hiyo hata kama tungalijua mahali pa kubisha hodi kwa mtengenezaji, tusingekuwa na haki ya kufunguliwa. Hapa hoja yangu inachechemea, nami sitaificha: anayedai aulizwe kwa heshima na mwenye mali, yampasa kwanza asiwe ameichukua mali hiyo kwa mlango wa nyuma. Tena ni sisi wajumbe wa kamati tulioipa shule mashine moja na tusinunue hata flashi ya kuwekea nakala, ilhali kila mmoja wetu huwafundisha watoto kwamba akiba haiozi.

Wenzangu watasema dawa ni Kiswahili. Ilani ile ingaliandikwa kwa Kiswahili, binti angeelewa. Napenda iwe hivyo, na si ndoto. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na hata Windows 10 yaweza kuvikwa Kiswahili kwa anayejua pa kukipata. Tunalo na neno zuri la kusasisha, lililochongwa kutoka "sasa". Lakini nimelitafakari neno hilo tangu siku ile, nalo lanitia wasiwasi kidogo. Sasa hiyo ni ya nani? Ya binti aliye katikati ya alama za wanafunzi, bando likikaribia kwisha, au ya mtu aliye mbali ambaye kazi yake imekamilika leo? Andika "Sasisha sasa" kwa Kiswahili sanifu kisichokuwa na dosari, na kando yake usiweke "La". Utakuwa umetafsiri kitufe, ridhaa bado haijazaliwa.

Kesho yake alama zilipatikana, isipokuwa za wiki mbili za mwisho, ambazo tulizikusanya upya kutoka katika madaftari ya wanafunzi. Gharama ilikuwa shilingi 70,000. Katika kikao cha kamati nilisema safari hii, nikasema kwa urefu, pengine kwa urefu uliopita kiasi, juu ya kukubali na kuridhia. Wajumbe walinisikiliza kwa adabu. Wakaamua shule ilipe nusu na mwalimu alipe nusu. Niliuliza nusu hiyo ni ya kosa lipi, Mwalimu Mkuu akasema kikao kimefungwa.

Binti alilipa kwa mafungu mawili. Siku hizi ilani ikitokea kwenye kioo haibonyezi chochote, huniita. "Mwalimu, njoo uone, imerudi." Nami huja, nikavaa miwani, nikayasoma maneno yote mpaka mwisho, kisha tukatazamana. Mara nyingi hubonyeza "baadaye".