Paka Mkali na Dhima ya Anayejua

Paka wa nyumba haingwa, wasema wahenga wa pwani. Aliyezoea kivuli cha ukuta wenu na makombo ya sinia yenu hafukuzwi kama mpita njia. Lakini methali haikumtaja paka anayemparura mtoto wa nyumba hiyo, wala yule anayeuandama mkia wake mwenyewe na kuutafuna mpaka ukatoka damu. Je, naye haingwi? Na ikiwa haingwi, mwenye nyumba amfanyeje?

Swali la mwanzo ni la lawama. Mtu akishaumwa husema: paka huyu ana roho mbaya, ana kisirani, ameingiwa na shetani. Ama ubaya, kwa maana yake ya kimaadili, wahitaji mambo mawili: kujua na kukusudia. Paka ajua njaa, hofu, maumivu na raha. Hajui kuwa ngozi ya mtoto ni amana. Asiyekusudia hana hatia, na asiye na hatia hastahiki adhabu. Wala adhabu yenyewe haimfunzi. Paka aliyepigwa halihusishi kofi na kosa. Hulihusisha na mkono uliolileta. Kesho mkono huo ukimkaribia, hata kama umeshika dagaa, yeye huutangulia kwa kucha.

Tena ukali wa paka hauna chanzo kimoja. Yuko aliyetengwa mapema na mamaye na nduguze, asijifunze kiasi cha kuuma. Kwani kitoto cha paka huutambua mpaka wa mchezo pale nduguye anapolia na kumwacha peke yake. Yuko aliyemwona paka mgeni nje ya dirisha, akashindwa kumfikia, hamaki yake akammalizia aliyekuwa karibu. Yuko anayefurahia kupapaswa mara tatu, ya nne ikawa karaha: mkia huchapa, masikio hulala, ngozi ya mgongo hutetema, na mpapasaji hakuzisoma dalili hizo. Na yuko ambaye jino au kiungo chamuuma, naye hana lugha nyingine ya kusema.

La kutatanisha zaidi ni paka anayejidhuru mwenyewe. Hujilamba tumbo na mapaja mpaka manyoya yakaisha, au hunyonya na kutafuna vitambaa vya sufi, tabia iliyoonekana hasa kwa paka wa jamii ya Siamese. Ni rahisi kuyaita yote haya wazimu. Lakini mwaka 2006, huko Marekani, jarida la chama cha madaktari wa mifugo lilichapisha uchunguzi wa paka 21 waliodhaniwa kujinyonyoa kwa sababu za nafsi. Kati yao, 16 walikutwa na maradhi ya mwili, hasa mzio. 3 walikuwa na yote mawili. 2 tu ndio ambao tatizo lao lilikuwa la nafsi peke yake. Kilichoitwa tabia kilikuwa, kwa wengi wao, ugonjwa usiotafutwa.

Hapa inafaa kuwasikiliza wanavyuoni wa kale. Imam Nawawi, mwanachuoni wa Sham wa karne ya 13, ambaye Minhaj yake ni miongoni mwa vitabu vikuu vya madhehebu ya Shafi yanayofuatwa pwani, alimzungumzia paka anayeharibu ndege au chakula cha watu. Kauli aliyoipa nguvu ni kwamba, ikiwa paka huyo amekwisha kujulikana kwa tabia hiyo, mwenyewe hulipa, iwe usiku au mchana. Ikiwa hakujulikana, halipi. Hukumu hii haimtafuti paka hata kidogo. Yamtafuta mtu, na yamuuliza alikuwa anajua nini. Mara ya kwanza ni ajali. Baada ya hapo ni dhima.

Ikiwa kujua ndiko kunakoleta dhima mbele ya jirani, basi huleta dhima mbele ya paka pia. Hadithi mashuhuri, waliyoipokea Bukhari na Muslim, yamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie riziki ardhini. Anayefunga mlango huchukua juu yake kila kilichobaki nje ya mlango. Paka wa ghorofani amenyimwa mawindo, ukuta wa kuparamia na pembe ya kujificha. Aliyemnyima hana budi kumrudishia kwa njia nyingine: kamba ya kukimbiza badala ya vidole, rafu ya juu ya kulalia, gogo la kunolea kucha, chakula kwa saa zinazojulikana, na daktari kabla ya fimbo.

Huruma hii haiondoi hadhari. Paka aliyebadilika ghafla na kushambulia bila kuchokozwa huenda ana kichaa cha mbwa. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aliyeumwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto mchanga naye ana haki iliyotangulia. Ikiwa matibabu na subira havikufaa, kumhamishia paka katika nyumba isiyo na watoto, na kumweleza mpokeaji ukweli wote, si kuvunja ahadi.

Lakini kumtia guniani usiku na kwenda kumbwaga marikiti ni jambo jingine, kama ilivyo jingine desturi ya Marekani ya kumkata paka ncha za vidole ili asiwe na kucha, ambayo jimbo la New York liliipiga marufuku mwaka 2019. Njia zote mbili humwondolea mtu adha, na paka humwacha na maumivu yake, hofu yake au njaa yake vile vile. Mwenye gunia hakulipa deni. Amelihamishia kwa wauza samaki, na kwa mtoto wa mtu mwingine atakayemnyooshea mkono paka yule asubuhi bila ya kuambiwa kitu.