Haki ya Kishairi na Fainali ya Libreville

Miongoni mwa istilahi ambazo uhakiki wa fasihi umeyakopesha mazungumzo ya kila siku, "haki ya kishairi" ni mojawapo ya zile zilizosafiri mbali mno na chimbuko lake. Mhakiki Mwingereza Thomas Rymer aliitumia mwaka 1678 kudai kwamba katika tamthilia mwema sharti atuzwe na mwovu aadhibiwe, hata kama maisha yenyewe hayaendi hivyo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kuitafuta. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952, majina ya wahusika peke yake yanatangaza hukumu: Adili hutukuzwa, ilhali Hasidi na Mwivu hugeuzwa manyani. Siku hizi istilahi hii husikika pia vinywani mwa watangazaji wa kandanda. Makala haya yanachunguza mchezo mmoja uliosifiwa kwa jina hilo, yaani fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 2012, ili kuuliza swali la kimaadili: je, ni halali kuyasoma matokeo ya mchezo kama haki iliyotendeka?

Kisa chenyewe kinajulikana. Usiku wa tarehe 27 Aprili 1993, ndege ya jeshi la anga la Zambia iliyokuwa ikiipeleka timu ya taifa Dakar, kwa mchezo wa kufuzu kwa Kombe la Dunia dhidi ya Senegali, ilitua Libreville kutia mafuta. Muda mfupi baada ya kuruka tena ilianguka baharini, karibu na pwani ya Gabon. Watu wote 30 waliokuwamo walikufa, wakiwemo wachezaji 18 na kocha wao Godfrey Chitalu. Kalusha Bwalya, aliyekuwa akicheza Uholanzi na ambaye angesafiri peke yake hadi Senegali, alisalimika. Miaka karibu 19 baadaye Gabon na Guinea ya Ikweta ziliandaa mashindano kwa pamoja. Zambia ilicheza michezo yake yote ya awali Guinea ya Ikweta. Ili ifike Libreville, haikuwa na njia nyingine ila kufika fainali. Ilifika. Tarehe 12 Februari 2012, Kalusha akiwa rais wa shirikisho la soka la nchi yake, Zambia ilitoka sare ya 0-0 na Kodivaa katika dakika 120, kisha ikashinda kwa mikwaju ya penalti, 8-7.

Hapana budi kukiri kwamba msuko huu una mvuto mkubwa. Una mahali pamoja, wafu na warithi wao, manusura mmoja, na ushindi unaopatikana pale pale msiba ulipotokea. Aristotle aliutambua mvuto wa namna hii zamani. Katika Ushairi, anataja sanamu ya Mitys mjini Argos, iliyomwangukia na kumwua mtu aliyesababisha kifo cha huyo Mitys. Anasema kwamba sadfa zinazoonekana kana kwamba zina kusudi hutustaajabisha kuliko sadfa tupu, na kwamba misuko yenye kustaajabisha hivyo ni bora zaidi. Lakini neno la kuzingatiwa hapo ni "zinazoonekana". Aristotle alikuwa akimshauri mtunzi jinsi ya kutunga. Hakudai kwamba sanamu ilijua inamwangukia nani. Anayesema kwamba Libreville ilitenda haki ameuvuka mpaka huo: sifa ya msuko ameifanya sifa ya ulimwengu.

Udhaifu wa kwanza wa usomaji huo ni kwamba unategemea kusahau. Kombe la mwaka 2012 halikuwa nafasi ya kwanza ya ulimwengu kuwalipa wafu wa Zambia. Timu iliyoundwa upya baada ya msiba ilikwenda Moroko Oktoba 1993 ikihitaji sare tu ili iingie Kombe la Dunia, ilifungwa 1-0. Miezi sita baadaye, tarehe 10 Aprili 1994, ilicheza fainali ya Afrika mjini Tunis, ikatangulia kwa bao la Elijah Litana, kisha ikashindwa 2-1 na Nigeria kwa mabao mawili ya Emmanuel Amunike. Ikiwa kuna mkono uliokuwa ukiisuka hadithi hii, kwa nini uliwanyima ushindi wale waliokula na kulala na marehemu, ukauhifadhi kwa vijana ambao wengi wao walikuwa watoto wadogo ndege ilipoanguka? Jibu la kawaida ni kwamba Tunis haikuwa Libreville. Jibu hilo ni la mtunzi, si la hakimu. Linaeleza kwa nini mwisho mmoja unapendeza kuliko mwingine. Halielezi kwa nini ni wa haki zaidi.

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi, kwa kuwa unawahusu walioshindwa. Haki ya kishairi haimtuzi mmoja bila kumwadhibu mwingine. Kodivaa ilikuwa na kosa gani? Timu hiyo haikuruhusu nyavu zake kuguswa hata mara moja katika mashindano yote, kabla ya mikwaju hiyo ya mwisho. Nahodha wake, Didier Drogba, alipaisha penalti juu ya mwamba katika dakika ya 70. Huyu ndiye aliyeshika kipaza sauti mbele ya wenzake Oktoba 2005, baada ya nchi yao kufuzu kwa Kombe la Dunia, akawasihi Wakodivaa waweke silaha chini. Nchi hiyo nayo ilifika Libreville na wafu wake: watu wapatao 3,000 waliuawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka 2010, na fainali ilichezwa kabla mwaka mmoja haujatimia tangu ghasia hizo zikome. Anayedai kwamba wafu wa Zambia walistahili kombe analazimika, apende asipende, kuwapima kwa mizani moja na wafu wa Abidjan na Duékoué na kuwaona hawa kuwa wepesi. Hakuna msemaji aliyekusudia kusema hivyo; lakini ndivyo kauli inavyosema. Drogba aliacha kuichezea timu ya taifa mwaka 2014 bila kulitwaa kombe hilo. Katika hadithi ya haki ya kishairi hana nafasi ila ya mtu aliyepaswa kukosa.

Tatu, neno "haki" likishatamkwa hufunga mjadala ambao haukupaswa kufungwa. Msiba wa mwaka 1993 haukuletwa na majaliwa. Uchunguzi wa Gabon, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba injini moja ilishika moto na rubani akaizima ile iliyokuwa nzima. Ulitaja pia kasoro ya taa ya tahadhari na uchovu wa rubani, aliyekuwa ameirusha timu kutoka Mauritius siku moja kabla. Hayo ni mambo ya watu: matengenezo, ratiba, fedha, amri. Wajane na mayatima walikuwa na maswali ya haki kwa maana yake ya kawaida kabisa, ile ya mahakama na serikali. Kuambiwa kwamba deni limelipwa kwa mkwaju wa Stoppila Sunzu ni kupewa msuko badala ya jibu.

Huenda ikapingwa kwamba hoja hizi zinapuuza imani. Kocha Hervé Renard mwenyewe aliuzungumzia ushindi huo kama jambo lililokuwa limeandikwa, na wapo walioamini kwamba marehemu walikuwamo uwanjani. Pingamizi hili linastahili heshima. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba marehemu huendelea kuwa "wafu walio hai" maadamu wapo jamaa wanaowakumbuka kwa majina. Lakini yafaa kuangalia uhusiano huo unasimama juu ya nini. Hausimami juu ya ushindi wa walio hai, bali juu ya kukumbuka kwao. Ukoo ulioshindwa vita haukupoteza wahenga wake kwa kushindwa. Uliwapoteza ulipoacha kuwataja.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inaelekeza upande huohuo. Waswahili Waislamu wanapotaja haki za maiti hawasemi juu ya matokeo ya jambo lolote. Husema juu ya kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa na kuzikwa: matendo ambayo walio hai wanadaiwa, na ambayo yako ndani ya uwezo wao. Kwa maana hii haki ya marehemu haiwezi kuachiwa sadfa. Haipatikani kwa mpira uliogonga nyavu, wala haipotei kwa mpira uliopaa.

Kwa mwanga huo, tukio lenye uzito wa kimaadili mjini Libreville si lile ambalo watangazaji walilishangilia. Siku chache kabla ya fainali, baada ya kuwasili kutoka Guinea ya Ikweta, wachezaji wa Zambia walikwenda ufuoni wakaweka maua kuwakumbuka waliokufa. Usiku wa fainali beki Joseph Musonda aliumia mapema akatoka akilia. Mchezo ulipokwisha Renard alimbeba mikononi hadi walipokuwa wenzake wakisherehekea, asibaki nje ya furaha aliyoitolea jasho. Matendo haya mawili hayakuhitaji msuko wowote. La pili lilifuata ushindi, lakini kumwacha Musonda peke yake kungekuwa kosa lilelile hata katika kushindwa. La kwanza lilifanywa kabla ya matokeo kujulikana, na lau Sunzu naye angepaisha kama walivyopaisha Rainford Kalaba na Gervinho muda mfupi kabla yake, maua yale yangekuwa yamewekwa vilevile, kwa ajili ya watu walewale.