Maneno ya Mwingine, Mkono Wangu

Katika lugha ya Lua, msimbo unaweza kulala ndani ya alama za nukuu miaka mingi bila kumdhuru mtu. Kwa kompyuta hizo ni herufi tu, sawa na jina la mchezaji au salamu. Kisha anatokea wa kuzipitisha kwenye load (loadstring, kwa toleo la 5.1) na zinageuka kuwa fanksheni. Hata hapo bado hakuna kilichotendeka, mpaka fanksheni hiyo iitwe. Mimi huandika skripti za gemu, na kila nikifika hapo kuna swali hunijia: maneno ya mtu mwingine yakitendeka kwa mkono wangu, nani ametenda?

Lua ilizaliwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazili, na jina lake ni "mwezi" kwa Kireno. Ni lugha ndogo, haraka kujifunza, na watengeneza gemu wengi waliichukua. World of Warcraft, iliyotoka 2004, huwaachia wachezaji waandike kwa Lua nyongeza zao wenyewe. Imewapa pia amri ya /run: unaiandika kwenye kisanduku cha soga, unaweka msimbo mbele yake, unabonyeza Enter, basi.

Mwaka 2016 matapeli walikiona kisanduku hicho. Tapeli alikuja kwa upole, akakuomba uandike mstari mmoja mfupi:

/run RemoveExtraSpaces=RunScript

RemoveExtraSpaces ni fanksheni ya kazi duni kabisa. Ujumbe wa soga ukiingia hupitia kwake ili uondolewe nafasi zilizozidi. Ni mfagiaji wa mlangoni. RunScript ndiyo inayoendesha maandishi kama msimbo. Mstari ule unamfukuza mfagiaji na kumkalisha mtekelezaji mahali pake, kwa jina lile lile. Kuanzia hapo, anachokuandikia tapeli kinatendwa, na kinatendwa kwa jina lako. (Hata salamu ya rafiki yako wa kweli inajaribiwa kutendwa, ila inashindikana, maana "mambo vipi" si Lua sahihi.)

Mwenzangu mmoja kazini hana huruma na walioingia mtego huo. "Ndugu yangu, si waliandika wenyewe?" ananiambia. Na kweli waliandika wenyewe, kwa vidole vyao. Lakini sioni kwamba hoja inaishia hapo.

Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa kwamba kuna maneno ambayo kuyatamka ni kutenda. Mume akitamka talaka, jambo limekuwa; jirani akiyatamka maneno yale yale juu ya ndoa hiyo, ni kelele tu. Mwanafalsafa J. L. Austin alitoa mihadhara Harvard mwaka 1955 juu ya maneno ya aina hii, na akasisitiza kwamba nguvu yake hutegemea anayesema na mazingira ya kusema. Msimbo ulio ndani ya nukuu hauna nguvu yake yenyewe. Unaazima nguvu za anayeuendesha.

Sasa aliyetapeliwa aliazimisha nini? Alikubali sentensi moja. Sentensi hiyo ilikuwa na maana ya kukubali sentensi zote zitakazokuja, ambazo hazijaandikwa bado, hata na tapeli mwenyewe. Ni sawa na kutia dole gumba kwenye karatasi tupu. Nadhani ridhaa ya namna hiyo si ridhaa, hata kama mkono haukulazimishwa, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kuridhia asichoweza kukijua. Mwenzangu anasema namdekeza mchezaji. Mimi namwuliza nani aliiacha karatasi tupu mezani.

Watengenezaji wa gemu hiyo baadaye waliweka onyo kabla ya skripti kuendeshwa. Roblox, ambayo lugha yake imetokana na Lua, huizima loadstring hadi mwenye gemu aiwashe upande wa seva. Onyo linamrudishia mchezaji mzigo wote, na kuzima kunawanyima hata wenye shughuli ya halali. Mimi hupendelea njia ya tatu, iliyomo ndani ya Lua yenyewe. Kuanzia toleo la 5.2, load hupokea pia jedwali la majina ambayo msimbo utaruhusiwa kuyaona. Ukiupa jedwali tupu, hauwezi kutaja faili wala dhahabu wala soga, hivyo hauwezi kuvigusa. Mgeni anakaribishwa, lakini chumbani mwake umeweka kile tu unachokubali akishike.

Kasoro ipo. Mzunguko usio na mwisho, while true do end, hauhitaji kutaja jina lolote. Unakaa tu, na gemu nzima inaganda ikiusubiri. Kwa hiyo huongeza hesabu: hatua milioni moja zikipita, msimbo unakatwa hapo hapo, uwe umemaliza au haujamaliza.