Je, Adui Ana Haki ya Kuambiwa Kweli?

Wako wasemao ya kwamba vitani uongo si uongo, kwa kuwa adui hana haki ya kuambiwa kweli. Neno hili hutamkwa upesi mno. Na tumtazame mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kumdanganya adui.

Noor Inayat Khan alizaliwa Moscow mwaka 1914. Baba yake alikuwa Mhindi, mwalimu wa Kisufi, na mama yake Mmarekani. Alilelewa Ufaransa, akawa mtunzi wa hadithi za watoto. Katika Vita Vikuu vya Pili Waingereza walimfundisha upelelezi na kazi ya simu ya upepo. Waalimu wake waliandika ya kuwa alikiri hapendi jambo lolote la undumakuwili. Hata hivyo, mwezi Juni 1943 alipelekwa Ufaransa usiku kwa ndege, akiwa na jina la uongo na hati za uongo. Waliomtuma walijua alivyo. Sehemu ya hesabu hii ni juu yao.

Baada ya siku chache wenziwe wengi wakakamatwa. Alipoambiwa arudi London alikataa, akaendelea kupeleka habari hata Oktoba, aliposalitiwa akashikwa. Kosa lake lilikuwa kubwa: aliziandika katika daftari habari alizopeleka. Wajerumani wakalipata, wakaitumia simu yake kana kwamba ni yeye, na wapelelezi wengine wakaja kuanguka mikononi mwao. Unyofu wa moyo si uangalifu.

Mwezi Novemba alitoroka kwa kupitia paani pamoja na wafungwa wawili, wakakamatwa tena. Mkuu wa Wajerumani akawataka waahidi kutotoroka. Mmoja akaahidi, Noor na yule mwingine wakakataa.

Mtu aliyeishi miezi minne kwa jina lisilo lake, je, angalishindwa kutoa ahadi moja ya uongo? Mtakatifu Agostino, ambaye hakuruhusu uongo hata wa kuokoa uhai, angalimlaumu kwa lile jina pia. Sisi twaona tofauti. Jina la bandia ni kama majani ambayo askari hujifunika porini: adui ajua ya kuwa anafichwa, naye huficha vilevile. Bali anayekuomba ahadi ameacha kukuwinda kwa kitambo, anautegemea uaminifu wako. Ukimpa ahadi hali umekusudia kuivunja, waharibu kitu ambacho hata maadui wanakihitaji, ili mateka asiuawe, bendera nyeupe iheshimiwe, na vita vipate kwisha.

Noor alipelekwa Ujerumani, akafungwa minyororo mikono na miguu katika gereza la Pforzheim kwa miezi kumi hivi. Tarehe 13 Septemba 1944 aliuawa Dachau pamoja na wanawake wengine watatu. Umri wake ulikuwa miaka 30. Yule aliyeahidi alibakizwa Paris kwa miezi mingi, wala hatusemi ya kuwa alitenda dhambi. Vita vilipokwisha alikuwa hai.