Je, Ukarimu Huuzwa?

Neno mgeni ni zito kuliko linavyoonekana. Humtaja mtu asiyejulikana, tena humtaja anayekaribishwa. Nao Waganda wa hapa Kasubi, wasemapo omugenyi, hutukumbusha kwamba neno hili hatukulirithi peke yetu. Siku hizi wenye mahoteli wamelitwaa pamoja na mwenziwe, ukarimu, lililotujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kutoa kwa moyo. Biashara yao huitwa sekta ya ukarimu. Basi twauliza: kilicho na bei chawezaje kuitwa ukarimu?

Tulilala siku mbili katika hoteli moja ya fahari kandoni mwa Ziwa Viktoria, kwa malipo yaliyokaribia mshahara wa mwalimu wa mwezi mzima. Maji ya moto hayakupatikana. Samaki aliletwa amepoa, na ziwa tulikuwa tukiliona dirishani. Hayo yangesameheka. Lililotukera ni kwamba kila tulipolalamika tuliombwa radhi kwa maneno yale yale, kama shairi lililokaririwa darasani. Kijana aliyetuhudumia hatumlaumu. Hakuwa na chake cha kutupa, hata ruhusa ya kutubadilishia chumba.

Watakuwapo watakaosema kwamba fedha ndiyo iliyoharibu mambo. Hatukubaliani nao. Kwenye makaburi ya Makabaka wanne, hapa Kasubi, mtalii hulipa kiingilio vilevile. Lakini desturi ya Muzibu Azaala Mpanga, nyumba aliyoijenga Muteesa wa Kwanza mwaka 1882, ni kwamba aingiaye avue viatu na kuketi chini. Na wako akina mama wanaoitunza kwa niaba ya wake wa wafalme hao. Nyumba ilipoteketea tarehe 16 Machi 2010, haikutosha kumtafuta fundi yeyote wa kuirudisha: kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye. (Hoteli ile nayo ilikuwa na paa la nyasi, la kupigiwa picha.) Alipaye Kasubi hupokewa na wenye nyumba, nao humdai adabu, kiingilio hakimwondolei deni hilo.

Wanafunzi wakituuliza kinyume cha mgeni, huwajibu: mwenyeji. Katika hoteli ile tulimtafuta mwenyeji siku zote mbili. Tulimpata karani, mlinzi na meneja wa zamu. Mwenye mali, tukaambiwa, yuko ng'ambo, wala hajapata kulala humo.