Kura Peke Yake Haitoshi

Miaka kadhaa iliyopita tulichagua wazee wa kanisa katika usharika niliokuwa nikisali wakati huo. Nilikuwa miongoni mwa waliohesabu kura. Tulipomaliza, karatasi zilizidi idadi ya watu waliokuwamo kanisani. Mwenzangu alinitazama, nami nikamtazama. Hatukusema neno, kwa kuwa aliyeshinda alikuwa mtu wetu. Mpaka leo nikisikia watu wakiwalaumu wanasiasa kwa wizi wa kura, moyo wangu hunisuta.

Naanza na kosa langu kwa sababu swali la makala hii linaanzia hapo: demokrasia inasimama juu ya nini? Wengi tutajibu upesi kwamba inasimama juu ya katiba nzuri, mahakama huru na uchaguzi. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya ukweli.

Tuitazame Ujerumani. Katiba yake ya mwaka 1919 ilikuwa miongoni mwa katiba huru kuliko nyingi za wakati ule. Ililinda uhuru wa kuabudu na kuwapa wanaume na wanawake haki sawa ya kupiga kura. Hata hivyo, Januari 30, 1933, Adolf Hitler aliteuliwa kuwa Kansela kwa kufuata katiba hiyohiyo. Machi 23 Bunge likapiga kura ya kumruhusu kutunga sheria bila Bunge. Waliokubali walikuwa 444, waliokataa 94. Ni kweli kwamba wabunge wa Kikomunisti walikuwa wamekamatwa au wamekimbia, na wanamgambo wa Hitler walijazana ukumbini kutisha watu. Lakini chama cha Wakatoliki, kilichoongozwa na padri, nacho kilikubali, baada ya kuahidiwa kwamba haki za Kanisa zitaheshimiwa. Kabla Julai haijaisha, chama kimoja tu ndicho kilichoruhusiwa kisheria.

Sisi Waprotestanti tusijivune. Julai hiyohiyo makanisa ya Kiprotestanti yalifanya uchaguzi wake, na kundi lililotaka kuunganisha Injili na mafundisho ya Hitler likashinda kwa wingi mkubwa. Walioshinda walichaguliwa na washarika, watu waliobatizwa na kushiriki Chakula cha Bwana. Wengi waliogopa ukomunisti, walichoshwa na umaskini na vurugu, nao walitamani mtu mwenye mkono wa nguvu atakayerudisha heshima na maadili.

Mwanasheria Mkatoliki wa nchi hiyo, Ernst-Wolfgang Böckenförde, aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Katiba, alitoa hoja katika miaka ya 1960 ambayo bado inajadiliwa. Alisema kwamba dola iliyo huru huishi kwa kutegemea mambo ambayo yenyewe haiwezi kuyahakikisha. Sheria inaweza kumwadhibu anayeiba kura. Haiwezi kumfanya mtu apende haki hata pale haki inapomnyima ushindi. Na dola ikitaka kuilazimisha mioyo, inaacha kuwa huru.

Hapo wengine watasema: basi Kanisa lishike dola, tuwalazimishe watu kuishi vizuri. Naelewa shauku hiyo, lakini imani yetu yenyewe inatuonya. Tunafundisha kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, ndiyo maana sauti ya mjane maskini ina uzito sawa na ya tajiri. Tunafundisha pia kwamba wote tumetenda dhambi, ndiyo maana hakuna anayestahili kupewa mamlaka yasiyo na mipaka, hata awe mcha Mungu. Daudi alikuwa mpakwa mafuta wa Bwana, na bado alihitaji Nathani wa kumwambia kosa lake usoni.

Wengine watasema: siasa ni chafu, tukae kando. Mwishoni mwa Mei 1934 Wakristo kadhaa wa Ujerumani walikutana Barmen, wakatamka kwamba Kanisa halina bwana mwingine ila Kristo. Lilikuwa tamko la ujasiri. Lakini halikuwataja Wayahudi, waliokuwa tayari wakinyimwa kazi na haki zao. Oktoba 1945, viongozi wa Kanisa walikiri huko Stuttgart kwamba hawakushuhudia kwa ujasiri wa kutosha. Kukaa kimya nako kulikuwa kupiga kura.

Kwa hiyo, kazi ya Kanisa katika demokrasia ni kulea dhamiri, nayo huanzia padogo: kwenye hesabu za sadaka, kwenye kikao cha jumuiya, kwenye uchaguzi wa kwaya. Asiyeweza kukubali kushindwa katika kwaya, atakubalije kushindwa katika nchi?

Baada ya muda mrefu nilikwenda kwa mchungaji nikamweleza habari ya zile karatasi. Kipindi cha yule mzee wa kanisa kilikuwa kimekwisha, na nilitumaini ataniambia yamepita. Alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kama angeshinda yule mwingine, ungenyamaza?"

Sikuwa na jibu. Nawaachia nanyi swali hilo, kila mmoja alijibu mbele za Mungu wake.